Vidonge vya Mzee Lomunokol

Kila alipokuja likizo nyumbani Lodwar, Nasike alianza siku kwa kumpima baba yake presha kabla chai haijapoa. Mzee Lomunokol alinyoosha mkono kama anayevishwa bangili, jicho moja likichungulia kama majirani wanaona. Lakini asubuhi hiyo ya mwaka 2013 chai ilipoa. Mashine ilisoma mia na tisini na kitu. Nasike akapima tena, ikasoma vilevile.

Akauliza viko wapi vidonge vya presha alivyomletea kutoka Kakuma, alikofanya kazi ya uuguzi. Mzee akajibu kama aliyeulizwa habari za tumbaku: vimekwisha zamani. Mwenzake wa bao, Ekuru, aliomba, akapewa. Ebenyo naye aliomba, akapewa. Au mwanamume ale peke yake mbele ya wenzake, kama fisi?

Baba yake alikuwa ameishi wiki nyingi bila dawa, na mshipa wa kichwani haupigi hodi ukitaka kupasuka. Halafu akakumbuka Ebenyo, mzima wa afya, aliyeanguka kwa kizunguzungu kisimani, watu wakalisingizia jua.

Alikuwa msichana wa kukaa nyuma darasani chuo kizima. Hata hivyo alichukua mashine na pakiti mpya ya dawa, akamfuata baba yake nyuma ya duka, wazee walikocheza bao.

"Daktari huyo," Ekuru akasema. "Leo umetuletea vya rangi gani?"

Wakacheka. Nasike, macho mchangani, akawauliza ng'ombe hufanywa nini kabla ya kutolewa damu ya kunywa. Anafungwa kamba shingoni, mshipa uvimbe, Ekuru akajibu. Mtoto gani wa Turkana hajui?

"Na kamba isipofunguliwa?"

Nasike akawaeleza kwamba mishipa ya baba yake imefungwa hivyo mchana na usiku, na moyo unasukuma damu kwa shida mpaka siku utakaposhindwa. Kidonge ndicho kinacholegeza kamba, lakini kila siku, maana kamba hujifunga tena. Asiye na kamba akikimeza, damu inalegea, anaanguka. Ebenyo akajipapasa goti lililochubuka. Nasike akawapima wote. Presha ya Ekuru nayo ilikuwa juu; Nasike akamwambia aende hospitali hapo hapo Lodwar, apate dawa yake mwenyewe.

Kisha akamgeukia baba yake. Akamwuliza kwa nini asiwanyime wenzake kitu hiki kimoja tu.

Mzee Lomunokol akapokea kidonge, akakimeza mbele ya wenzake, peke yake. Ekuru akaanza kusema kitu, akaacha, akamtazama rafiki yake kwa tabasamu la kando.

"Hawakuniomba," mzee akasema taratibu. "Niliwapa mwenyewe, na Ekuru alikuwa hata hataki. Nilitaka waonje kilicholetwa na binti yangu. Nilitaka wajue, Nasike, nimezaa mtu wa namna gani."