Shujaa Mwenye Masikio Sifuri

Kazi ya dada yangu Olfa ni kuwagawia nguvu na akili watu ambao hawapo. Anabuni michezo ya kompyuta, ile ya mapanga na majoka, na kila shujaa lazima apewe sifa zake kwa namba: nguvu, wepesi, macho, masikio, mvuto. Sheria yake ni kwamba ukipunguza huku, unaongeza kule. Anaiita haki. Mimi natengeneza meno bandia hapa mjini Sousse, Tunisia, na sijaona bado aliyepungukiwa meno akaongezewa nywele.

Mimi ni kiziwi tangu kuzaliwa. Hilo nimelizoea. Nililoshindwa kulizoea ni mlo wa kuskusi wa kila Ijumaa kwa mama: meza ndefu, watu wanaongea huku wameinamia sahani, ghafla wote wanacheka, nikiuliza naambiwa, "Baadaye." Hiyo baadaye haijafika mpaka leo. Basi nikaacha kwenda. Mama akalia, Olfa akatumwa kunirudisha.

Alikuja na kompyuta yake na sahani ya makrudhi, vile vitamu vya tende.

"Nimekutengenezea shujaa," akaniambia kwa mikono. "Anaitwa Sakhri. Ni wewe kabisa."

Nikasoma sifa zake. Masikio sifuri. Macho tisini na tano. Anaona adui nyuma ya ukuta.

"Haya macho nilipewa lini?"

"Si umekosa masikio? Nimekufidia."

"Dada, jana nimevaa soksi mbili rangi mbili, mgonjwa ndiye aliyeniambia. Fidia yangu kala nani?"

Alicheka, kisha akanuna. "Kwa hiyo nikuache na sifuri yako hivyohivyo?"

"Niache nayo. Inanitosha."

Nikacheza. Sakhri alimkata joka kichwa, nikafurahi kama mtoto, siwezi kukataa. Halafu akaketi na wenzake watatu kuota moto. Wakaanza kupiga soga, na kila neno lao likatokea limeandikwa chini ya kioo, utani na yote. Hapo mikono yangu ikasimama. Sijawahi kukaa na watu namna ile.

"Umekosea mtu," nikamwambia. "Namba ya Sakhri iko sawa. Wape namba hawa wengine."

"Namba ya nini?"

"Ya kumgeukia. Asiyemgeukia uso, maneno yake yasionekane."

Olfa ana kiburi cha kazi, lakini wazo zuri halimpiti. Akaanza kuandika palepale, mimi nikachemsha chai. Aliporudi kwangu alikuwa anatabasamu.

"Mama ungempa ngapi?"

"Kumi. Akinigombeza, mia. Hapo hata kope hapepesi."

Akacheka mpaka akapaliwa na makrudhi. Kisha akauliza, "Na mimi?"

Ningeweza kumdanganya. Huyu ndiye aliyejifunza lugha ya ishara kabla ya mama, akanifundisha kusoma. Lakini Ijumaa mkono wake mmoja umeshika kijiko, mwingine mkate.

"Tukiwa wawili, mia," nikasema. "Mezani, nne."

Akarudi kwenye kompyuta. Miongoni mwa wale wenzake Sakhri kulikuwa na mpiga mishale ambaye Olfa alimchora kwa sura yake mwenyewe. Akampa nne, na wale wawili vivyo hivyo, akashika yeye usukani wa Sakhri, akaketi motoni. Midomo ikacheza. Chini ya kioo hapakutokea kitu ila nukta. Wote watatu wakacheka, mabega yakitikisika. Olfa akabonyeza kitufe cha kuuliza, akabonyeza tena. Yule mpiga mishale, mwenye uso wa dada yangu, alikuwa ameinamia bakuli lake.

Aliendelea kubonyeza mpaka machozi yakamdondokea mkononi. Nilitamani kumfuta machozi, ila nilimwacha. Nilikuwa nimengoja miaka mingi mtu akae mahali pangu.

Akachukua simu, akampigia mama. Kwanza alikuwa amenipa mgongo, kama watu wanavyofanya wakitaka kusikilizana vizuri. Halafu akageuka, akasogea mpaka kwenye mwanga wa dirisha, akaniangalia usoni, na akawa anatamka polepole ili midomo yake niisome.

"Mama, meza hiyo ndefu itoe. Ijumaa tunakaa chini, tuzunguke sinia moja. Ndiyo, najua magoti ya shangazi. Mpe mto."

Kisha akanisubiri nijibu, simu bado iko sikioni. Nikamwambia kwa mikono kwamba nitakuja.