Mama Mkwe, Kuku na Modi ya Mbio

Usiku wa jana, nimejikunja ndani ya gari la watu uani kwa mama mkwe, niliota. Sikulala garini kwa kukosa kitanda. Kwetu mkwe halali nyumba moja na mama mkwe wake, na mimi nina mambo mengi lakini adabu ninayo.

Kazi yangu ni kuendesha magari ya IT, yale yanayoshuka bandarini Dar kwenda nje ya nchi. Nayafikisha Tunduma. Safari hii nimepewa jekundu la viti viwili, nguvu za farasi mia nne, na pembeni ya gia lina swichi ya kuchagua modi: Starehe, Mbio, Mvua. Nikapita Chimala kumchukua mama mkwe, maana leo saa nne mwanangu anabatizwa Uyole, na bibi ndiye mwenye kutoa jina. Akichelewa, dada yangu Sikudhani ataweka la kwake, na la kwake ni Sikujua. Shida ni kwamba huu mwaka wa sita mama mkwe hajapanda gari ninaloendesha mimi. Anasema anaogopa madereva wa IT. Simlaumu, hata mimi nawaogopa.

Basi katika ndoto kumekucha, na mama mkwe anakuja na kuku kwapani, kafumba mdomo. Jina la mjukuu kalihifadhi humo mdomoni tangu Alhamisi, na akifungua tu litaanguka. Kuku ndiye anayemsemea. Ananiuliza nimeamkaje, kisha anataka kujua mama atakaa wapi, maana mkwe na mkwe hawakai bega kwa bega.

Swichi inajibu kwa sauti ya msoma taarifa ya habari kwamba niweke Starehe. Naweka. Gari linalegea, linatanuka, viti vinavaa vitambaa vya kufuma, na kati yangu na mama mkwe panakuwa na sebule nzima na meza yake. Heshima imekaa mahali pake. Barabara inalainika mpaka mashimo yanatuomba radhi. Nakanyaga eksileta. Inaniambia maombi yangu yamepokelewa, nipite tena Jumatatu.

Ng'ombe mmoja anatupita, anatupa pole ya safari. Mlango wa sebule uko wazi, na chumba cha pili ni kanisa la Uyole. Namwona mchungaji kafungua daftari, na Sikudhani kashasimama na gauni lake la zambarau. Moyo uliniuma. Mwanangu anaitwa Sikujua hivi hivi naona.

Nikashika Mbio. Kuku alinikataza, lakini sikio la kufa halisikii dawa. Gari linavua saa, linafunga kamba za raba, ekzosi inakohoa kama mzee anayetaka kufungua kikao. Usukani unakuwa mzito. Sebule inasinyaa, meza inatokea dirishani, na bega la mama mkwe hili hapa kwenye bega langu. Jamani. Nikafunika uso kwa kofia, nikaendesha hivyo hivyo, kwa heshima.

Farasi wote mia nne wanatoka pamoja, bila foleni. Kumbe kila gurudumu lilikuwa na mlinzi wake, mwenye koti na rungu, kazi yake kulizuia lisiteleze. Swichi inawatangazia kwamba kwenye Mbio walinzi hawahitajiki. Wanakunja mikeka yao na kuaga. Wa mwisho ananiinamia.

"Kaka, sisi ndio tuliokuwa tunaendesha vizuri. Ulidhani ni wewe."

Mkia wa gari ukatangulia, kichwa kikafuata nyuma, na mara tuko Tunduma, dirishani kwa ofisa wa forodha. Uyole tumeipita bila kuiona. Ofisa anauliza bibi huyu ni mzigo wa kupita au wa kubaki nchini. Namjibu kwamba ni bibi wa mtoto. Anamtafuta kwenye orodha, hamwoni, anampiga muhuri kwenye kitenge. Mama mkwe anashtuka, mdomo unafunguka kidogo, na nalikuta jina linachungulia katikati ya meno.

"Mama, nisamehe," nikamwambia. "Nilitaka uone kwamba naweza."

Akanyoosha mkono, akaupitisha mbele ya mkwe wake bila kujali mila, akageuza swichi mwenyewe. Mvua.

Mvua inaanza kunyesha kwa utii. Walinzi wanarudi na miavuli. Farasi mia mbili na hamsini wanaambiwa wasubiri barazani, waliobaki wanatoka mmoja mmoja. Gari linavua raba, linapandisha pindo, linakanyaga pale tu palipo pagumu. Nagusa eksileta, inanisikiliza mpaka mwisho ndipo inaitika. Nilipata raha ambayo sijawahi kuipata barabarani, na cha ajabu, Uyole ikaja yenyewe.

Kanisani Sikudhani keshavuta pumzi ya kusema. Mama mkwe anaingia, anampa kuku amshikie, kisha anafungua mdomo mbele ya watu wote na kusema, bila haraka, "Subilaga."

Nikaamka. Shingo imekakamaa, kioo kinagongwa. Mama mkwe yuko nje na kikombe cha chai, anatazama pembeni kama inavyotakiwa. Akaniambia nisijisumbue kumsubiri, yeye atapanda basi, yapo mengi.

Nilipokea chai. Usingizi ulikuwa haujaniisha.

"Sawa, mama. Basi ukitangulia, nipakatie Subilaga mpaka nifike."

Halafu, kwa mara ya kwanza tangu nimuoe binti yake, akanitazama usoni.

"Jina hilo sijamwambia mtu," akasema. "Hata mama yake mtoto."

Akalizunguka gari polepole, akafungua mlango wa abiria, akakaa, akafunga mkanda.