Daraja la Sekunde Arobaini na Nane

Asubuhi ya Jumanne, mwezi wa pili, Fancy Chebet alishuka ukingoni mwa mto Kabirir akiwa na futi kamba, kamera, kinasa sauti na pakiti ya maziwa ya mala. Alipima upana wa mto mara tatu. Akapiga picha kila jiwe kutoka pande zote. Akamwomba mzee mmoja ampitishe ng'ombe wake mara mbili juu ya ubao, ili anase sauti ya kwato. Kisha akaketi, akanywa mala yake huku akisikiliza maji. Kazi aliyopewa ilikuwa ya siku mbili. Yeye aliifanya wiki tatu.

Kazi yenyewe ilikuwa video. Mradi wa Njia za Majani ulikuwa umewaahidi wakulima wa chai wa Kabirir daraja la miguu, na ulitaka kuonyesha siku ya uzinduzi jinsi daraja hilo litakavyokuwa. Afisa wa mradi, Bwana Kipkosgei, alimpa Fancy mchoro mmoja uliokunjwa mara nne.

"Fanya tu ikae poa," alimwambia.

Fancy alikuwa na chumba kimoja juu ya duka la mbolea mjini Kericho, ambamo alitengeneza kadi za harusi, ratiba za mazishi na matangazo ya maziwa. Wengi wenye kazi kama yake huchora upande ule utakaoonekana, wakaacha mwingine. Fancy alichora mpaka chini ya mbao, mahali ambapo hakuna jicho lingefika. Kila bolti aliipa nati yake. Aliweka ukungu wa asubuhi, kutu kidogo kwenye nyaya, na unyevu kwenye mbao za upande usiopata jua. Sauti za hatua alienda kuzinasa kwa mjomba wake Londiani, akipiga ubao wa saiprasi kwa ndara, kwa gamboti, kisha kwa miguu mitupu, mpaka mjomba akamuuliza kama kuna mtu aliyemkosea.

Video ilipokamilika ilikuwa na urefu wa sekunde arobaini na nane. Siku ya uzinduzi ilionyeshwa kwenye skrini kubwa. Watu walipiga makofi, jiwe la msingi likawekwa, wali ukaliwa. Wiki iliyofuata lori lilikuja likazoa kokoto zilizokuwa zimemwagwa pale, likaenda nazo. Kilichobaki ni video, ikizunguka katika makundi ya WhatsApp.

Wa kwanza kuvuka alikuwa Nyatichi, mama wa makamo aliyehamia Kabirir na mumewe kutoka upande wa Kisii. Shamba lake la chai lilikuwa upande huu wa mto, na kituo cha kupimia majani kilikuwa ng'ambo. Kwa barabara ilikuwa kuzunguka kilomita saba. Siku hiyo alikuwa ameketi kupumzika ukingoni, kikapu mgongoni, akitazama video ile huku ameongeza sauti. Alipoinua macho, daraja lilikuwa mbele yake. Akasimama, akavuka. Antony, karani wa kituo, alitazama saa yake.

"Leo umefika mapema, mama."

"Nimepitia kwa daraja."

"Gani? Ile ya simu?"

"Hiyo hiyo."

Antony akatundika kikapu kwenye mizani.

Haukupita mwezi kabla Kabirir nzima haijajua namna ya kulitumia. Simu iliwekwa juu ya jiwe, ikielekezwa mtoni, sauti juu. Bila sauti daraja lilikuja, lakini lilikuwa laini, mguu ukizama kama kwenye ugali ambao haujaiva. Mtandao ukikwama, daraja nalo lilikwama, na mtu alisimama katikati akingoja kiduara kimalize kuzunguka. Kopi iliyokuwa imetumwa mara nyingi ilitoa mbao zilizovunjika kuwa vipande vya mraba, na wenye kuitumia walivuka kwa kwenda upande upande kama kaa. Mwalimu mmoja aliyesimama katikati kusalimiana na mzazi aliishiwa na sekunde, akaangukia majini na kupoteza kiatu. Kila mtu alisema ni makosa yake.

Nyatichi ndiye aliyefunga safari kwenda Kericho. Alipanda ngazi za duka la mbolea, akakaa kwenye kiti cha wateja, akaweka chini mfuko wa viazi.

"Wewe ndio Fancy wa daraja?"

"Ndio, mama. Karibu."

"Daraja yako ni nzuri. Inabeba. Lakini ni fupi ya saa. Mtu mzima bila mzigo anafika. Mimi na kikapu, namaliza nikikimbia. Na mama mkwe wangu hawezi kukimbia."

Fancy alifikiri kidogo. "Mnatumia kopi gani?"

"Ile ya grupu ya kanisa."

"Aki, mama! Hiyo imeharibika kabisa." Aliona haya, kama mpishi aliyeambiwa kwamba watu wamekuwa wakila makoko. "Si mngenipigia simu tu?"

Siku tisa hakupokea kazi nyingine. Alirefusha video mpaka dakika sita. Aliongeza kamba za kushikilia kwa ajili ya wazee, akapunguza mwinuko wa kuingilia, akapanua katikati ili wawili wenye vikapu wapishane. Kompyuta yake ilichakata picha mchana na usiku huku feni ikilia, naye akaikalia macho. Alifurahi kwa namna ambayo harusi na maziwa hazikuwahi kumfurahisha, na furaha hiyo ilimkera kidogo, kwa maana alijua kokoto zilishaondolewa.

Alipeleka video mwenyewe, mwezi wa nne, mvua ikiwa imeshika na mto umejaa rangi ya chai ya maziwa. Alikuwa ndiyo kwanza amefungua kompyuta juu ya gunia ukingoni aliposikia watu wakiteremka mbio. Wanaume wanne walikuwa wamebeba machela ya miti na blanketi. Juu yake alilala Chepyegon, mkulima wa jirani, mimba yake ya kwanza, uchungu ukiwa umemshika tangu alfajiri. Dispensari ilikuwa ng'ambo. Barabara ilikuwa imekatika kwa matope.

"Weka daraja, msichana wangu," Nyatichi alisema.

Fancy akaweka. Lilikuja pana, zito, likinuka saiprasi mbichi, na wanaume wakaingia. Walipofika karibu na katikati, spika ya kompyuta, iliyokuwa ikikohoa tangu mwaka uliopita, ilikata. Picha iliendelea. Mbao zilianza kulainika. Mwanaume wa mbele alizama mpaka kifundoni, akasimama, akageuza kichwa kuwatazama walio ukingoni.

"Msisimame!" Fancy alipiga kelele.

Hakukuwa na nafasi ya kutafuta waya wala kuomba simu ya mtu. Fancy aliijua sauti ile kuliko jina lake, maana aliikata na kuiunga kwa mikono yake, hatua kwa hatua. Alivua kiatu, akapiga magoti, akaanza kupiga nacho ubao wa kufulia nguo uliokuwa pale ukingoni: hatua nzito, hatua nzito, kishindo kidogo cha ubao unaorudi. Nyatichi alimtazama mara moja tu, akashika ndara yake, akaingia naye. Wanawake waliokuwa wakingoja na vikapu wakainama, mmoja akipiga mtungi, mwingine jiwe, mwingine viganja. Mzee mwenye ng'ombe alifanya kwato kwa ulimi. Fancy aliwaongoza kwa kichwa, akiongeza kasi wanaume walipoongeza, akipunguza walipopunguza, jasho likimwingia machoni.

Mbao zikakaza. Machela ikafika.

Chepyegon alijifungua mtoto wa kike saa sita kasorobo. Habari zilipovuka mto, wanawake wale walikuwa bado wamekaa chini, mikono imewawaka. Fancy aliangalia kiatu chake kilichopasuka soli, akalia kidogo, kisha akasema sauti ile ya pili, ya kishindo, ilihitaji kuwa nzito zaidi. Angeirekebisha.

Mwezi wa sita, Bwana Kipkosgei alikuja kukagua. Alikuwa amesikia kwamba watu wanavuka. Alimwita Fancy awepo, naye akaja na spika mpya. Afisa alitembea mpaka ng'ambo kwa viatu vyake vya kazi, akagonga mbao kwa kisigino, akatikisa kamba, akarudi akitabasamu kwa dhati.

"Kazi safi sana. Sijaona daraja kama hii."

Kisha akatoa fomu na kuandika kwamba daraja la Kabirir limekamilika.

"Lakini haijajengwa," Fancy alisema.

"Wewe umepita?"

"Nimepita."

"Huyu mama amepita?"

"Kila siku," Nyatichi alisema. "Lakini stima ikipotea na simu haina chaji, tunazunguka. Jengeni ile ya kweli."

"Nimeandika hapa imekamilika, mama. Sasa nikiandika tena ijengwe, nitaonekana aje?"

Alitia sahihi, na kibao kikapigiliwa pale chenye jina la mradi na tarehe. Watu wa Kabirir waliendelea kuvuka. Kila baada ya miezi miwili Fancy aliwaletea kopi mpya, na wanakijiji walisema kila moja ilikuwa imara kuliko iliyotangulia, jambo ambalo lilikuwa kweli.

Siku ile ya ukaguzi, kabla ya kuingia garini, Bwana Kipkosgei alimvuta Fancy kando. Alisema mradi sasa unafikiria wodi ya akina mama, pale pale karibu na dispensari. Vitanda kumi na viwili, maji ya bomba, taa za jua.

Fancy alitoa daftari. "Na madaktari?"

"Weka wawili."

Fancy akaandika: wawili. Kisha akauliza kama mmoja wao anajua lugha ya hapo, Kikipsigis.