Chaja ya Kanali

"Tik," mashine ilisema, ikanyamaza.

Kanali alichomoa ufunguo, akaufuta kwa leso, akaurudisha kana kwamba tatizo lilikuwa la usafi. Akazungusha tena. "Tik."

Hakuwa kanali wa jeshi lolote. Alikuwa mkata nyasi wa shule ya bweni, na cheo hicho alitunukiwa na wanafunzi kwa jinsi alivyoikalia mashine yake ya kukatia nyasi: mgongo wima, kofia usawa wa nyusi, akipita mbele ya mabweni kama anayekagua gwaride. Mashine ilikuwa na magurudumu manne, usukani na kiti. Kwake yeye, jambo kubwa lilikuwa kiti. Kabla ya kiti hicho alikuwa amefyeka kwa fyekeo miaka kumi na tisa, na ingawa yeye alikuwa msahaulifu, kiuno chake hakikusahau hata siku moja.

Usahaulifu ndio uliomponza. Kila likizo ilipoanza alikuwa akifungua waya mweusi wa betri, ule wa hasi, ili umeme usivuje kidogo kidogo. Likizo hii hakuufungua. Sasa ilikuwa Alhamisi, nyasi za kiwanja zilikuwa zinagusa magoti, na Jumamosi shule jirani ilikuwa inakuja kucheza mpira.

"Isipowaka kabla ya wageni, kuna shule imeiomba," Mwalimu Mkuu alikuwa amemwambia asubuhi hiyo. "Fyekeo si bado lipo?"

Lilikuwepo. Lilining'inia nyuma ya mlango wa stoo, likimtazama.

Kanali akavaa glavu na miwani ya kinga. Akafungua waya mweusi kwanza, kisha mwekundu, akaitoa betri kwa mikono miwili kama anayepokea mtoto wa mwenzake. Akaipima: volti kumi na moja na nusu. "Mgonjwa," alitangaza, "lakini si marehemu." Akaosha unga mweupe uliojaa kwenye vichwa vya betri kwa magadi aliyoomba jikoni, akavisugua kwa brashi hadi vikang'aa. Akaongeza maji ya betri, yale ya chupa, maana ya bomba yana chumvi, kisha akatafuta pa kuichajia. Stoo haikuwa na dirisha, na betri inapochajiwa hutoa hewa ambayo haitaniwi na cheche. Kibaraza cha kufulia nguo kilikuwa wazi pande tatu na kilikuwa na soketi. Akabana kibano chekundu cha chaja, akabana cheusi, ndipo akachomeka ukutani, ichaji kwa mwendo wa kobe. Akaenda kunywa chai, roho kwatu.

Aliporudi, betri ilikuwa peke yake.

Ikumbukwe kwamba shule hiyo ilikuwa na sheria: chaja yoyote itakayokutwa kwenye soketi nje ya ofisi itakamatwa, na mwenyewe atafyeka nyasi nyuma ya bweni, hatua kumi kwa kumi. Sheria ilisimamiwa na Matroni, aliyetembea na kikapu. Matroni huyo alikuwa mke wa Kanali kwa mwaka wa ishirini na sita sasa.

Alimkuta ofisini kwake. Chaja ya betri ilikuwa imelala kikapuni juu ya vichaja vya simu, kama kiboko katikati ya vyura, na tayari ilikuwa na karatasi: *Kanali. Kosa la kwanza.*

"Mke wangu," alianza.

"Hapa ni Matroni."

"Matroni. Ile si chaja ya simu."

"Ni chaja?"

"Ni chaja, lakini..."

"Ilikuwa kwenye soketi?"

Kanali akashusha pumzi. "Uliichomoaje?"

"Ukutani kwanza, kisha cheusi, kisha chekundu. Miaka yote hii unaniimbia mpaka usingizini, nitakosea vipi?"

Kanali alijaribu kukasirika, fahari ikamzuia.

"Sikiliza," Matroni akasema, sasa kwa sauti ya nyumbani. "Wasichana arobaini walikuwa wanaanua nguo pale, wote wananitazama nitafanya nini. Nilisema mbele ya shule nzima kwamba nitakamata, hata ikiwa ya Mwalimu Mkuu. Sheria ni msumeno, baba. Fyeka, nikupe."

Nje alikutana na dereva wa basi la shule, ambaye habari zilikuwa zimemfikia na kumfurahisha.

"Mzee, unasumbukia chaja ya nini? Nisogeze basi, tuunge waya, dakika mbili inanguruma."

"Basi lako volti ngapi?"

"Ishirini na nne."

"Na hii kumi na mbili. Ni kumnywesha mtoto mchanga sufuria zima la uji. Asante, bwana. Uji waachie watoto, na wewe ubaki na nyusi zako, betri isije ikakulipukia."

Ikambidi alitungue fyekeo. Saa tisa alasiri Kanali aliinama nyuma ya bweni, na madirisha yote yakaota vichwa. "Nyuma, geuka!" mmoja akanong'ona kwa sauti ya kusikika. Fyekeo likapiga fyu, fyu. Kiuno kikaanza kusimulia mambo ya zamani.

Bahati mbaya haina adabu. Mwalimu Mkuu alipita wakati huo huo.

"Kumbe mikono bado ipo," alisema, akiridhika. "Basi hakuna haja ya kungoja. Kesho niwaambie waje kuichukua mashine."

"Mwalimu, hii ni adhabu."

"Ya nani?"

"Yangu."

Mwalimu Mkuu alikuwa bado anaitafakari habari hiyo Matroni alipotokea na kikapu chake.

"Kesho saa kumi, Mwalimu," alisema. "Isipowaka, kiwanja nitakifyeka mimi mwenyewe, na Jumamosi wageni watanikuta bado nafyeka."

Kanali aliacha kufyeka. Mwalimu Mkuu alimtazama Matroni, akalitazama fyekeo. "Saa kumi," alisema, akaondoka.

Ijumaa, jua lilipochomoza, betri ilikuwa kibarazani tena, na juu yake kibali chenye mhuri wa Matroni. Kanali alikaa kando yake kutwa, akipima kila saa, akiwafukuza wenye viberiti hata wasiokuwa navyo. Saa tisa na nusu alichomoa ukutani, na kipimo kikasoma kumi na mbili nukta saba. Akavitoa vibano. Akaifunga betri, mwekundu kwanza, mweusi mwisho, akapaka grisi.

Saa kumi walikuwa wamesimama kiwanjani: Mwalimu Mkuu na saa yake, dereva, Matroni mikono kifuani, kikapu miguuni. Kanali alipanda, akaweka kofia usawa wa nyusi, akazungusha ufunguo.

Mashine ilikohoa mara moja, kisha ikanguruma.

Mwalimu Mkuu akaiweka saa mfukoni. "Pembe zile nazo," alisema, "usizisahau."

"Njoo na njaa," Matroni akamwambia mumewe, akageuka.

Akakata mistari mirefu, kijani kibichi na kijani kiza, harufu ikipanda. Kwenye mzunguko wa mwisho alipita nyuma ya bweni, kwenye ule mraba wake wa hatua kumi kwa kumi uliokatwa shaghalabaghala. Juu yake, kutoka dirisha la pili, waya mweupe wa chaja ya simu ulikuwa unaning'inia.

Kanali aliutazama. Akamtazama Matroni, aliyekuwa anapita kwenye zamu yake ya jioni na kikapu, amewapa kisogo. Akaongeza moto, mashine ikanguruma zaidi, na waya ukapanda taratibu ukutani, ukaingia ndani kama mkia wa mjusi.