Karatasi ya Kuzika

Adèle alikuwa amekaa kwenye benchi tangu saa mbili asubuhi, nje ya ofisi moja ya usalama huko juu mtaani Kadutu, picha ya mume wake ndani ya bahasha. Miguu imevimba. Hii ilikuwa mara ya sita.

Mume wake, Bisimwa, alikamatwa njiani akitoka migodi ya Kamituga na dhahabu yake kidogo, miaka minne sasa. Mwenye pikipiki aliyembeba alikimbia porini, akaja kusimulia: ni watu wa Delphin. Na nani hakumjua Delphin? Alianza kwa kuiba ng'ombe wa watu, halafu akafunga barabara, halafu akajiita mtetezi wa wananchi. Alipojisalimisha na bunduki sitini, serikali ilimpa cheo, meza na muhuri. Leo ukipoteza mtu barabarani, wanakutuma kwa Komanda Delphin. Basi, ndiyo nchi yetu.

Bila maiti hakuna karatasi ya kifo. Bila karatasi hakuna urithi, na shemeji zake Adèle walikuwa wamekwisha kuanza kulima shamba la watoto wake.

Alipoingia, Komanda alikuwa anamenya karanga.

"Maman, iko shida gani?"

"Ni ile ile, Komanda. Bwana yangu. Sitafute mutu wa kufunga. Niko natafuta mifupa tu."

Komanda aliitazama picha. "Huyu alikuwa na shati ya bleu."

Adèle hakuwa amesema neno la shati. Picha ilikuwa ya ndoa, koti jeusi. Na ndiyo shati aliyovaa Bisimwa siku ile.

"Iko wapi, papa? Unionyeshe tu. Sitasema kwa mutu."

"Enquête, ule uchunguzi, iko inaendelea." Akamrudishia picha. "Lakini kwenu, mutu akikosekana, hamuzikake mugomba mu nafasi yake? Muzike mugomba, maman. Karatasi, mimi nitasaini."

Adèle alimchukia, akairudisha picha ndani ya bahasha.

"Asante, Komanda," alisema.

Jumamosi, huko kijijini kwao Kabare, walikata mgomba, wakaufunga shuka nyeupe, wakaulaza shimoni. Wanawake walilia kweli. Komanda alikuja mwenyewe na jeep, akavua kofia, akatupa udongo wa kwanza. Shemeji mkubwa akamgusa Adèle kwa kiwiko: amshukuru mgeni mbele ya watu.

Adèle alisimama, akashukuru, tena kwa sauti, kwa sababu karatasi ilikuwa bado ndani ya mfuko wa koti la Komanda.