Mgeni wa Divine

"Umemwita mfanyakazi, Madamu. Bibi yangu."

"Punguza sauti."

"Umemwita mfanyakazi mbele ya Mwalimu Mkuu, na Bibi mwenyewe akakubali."

Clémence alimvuta binti yake hadi nyuma ya darasa la tano, upande usio na dirisha. Katika shule hii ya Nyamityobora, mjini Mbarara, Divine alimwita Madamu kama watoto wengine. Leo alilitamka neno hilo kama anayetema kitu kichungu.

"Nilisema anatusaidia nyumbani. Si uongo."

"Basi na mimi ni mfanyakazi. Naosha vyombo."

Kosa lilikuwa la Clémence tangu mwanzo. Ni yeye aliyewaagiza watoto walete mzee mmoja wa nyumbani, aeleze familia yao imetoka wapi na imeunganaje. Alitaka wajue kwamba familia hazifanani, na hakuna iliyo pungufu. Asubuhi hiyo walikuja wake wenza wawili, wakakaa benchi moja. Akaja jirani anayelea watoto watatu asiowazaa. Clémence aliwapigia makofi wote. Hakufikiri Divine angempigia simu bibi yake kule kambi ya wakimbizi ya Nakivale.

Apollinarie, mama mzazi wa mumewe Melchior, alishuka kwenye taksi saa nne, viatu vimejaa vumbi, akamkuta mkwewe getini na Mwalimu Mkuu, Ancilla.

Kwa miaka sita Ancilla aliamini kwamba Clémence ni binti wa askari, mzaliwa wa kambi ya jeshi ya Makenke. Mtu anayeongea Kiswahili kingi hivyo Mbarara lazima aeleze alikokitoa, na kambi ya jeshi, ambako askari huongea Kiswahili, ilikuwa jibu jepesi. Kutaja Kongo, kambi ya wakimbizi na mume Mrundi kungeleta maswali.

"Yuko wapi sasa?" Clémence alimwuliza binti yake.

"Jikoni. Anamenya matoke ya walimu."

"Nani kamtuma?"

"Hakuna. Amesema kama ni mfanyakazi asikae bure, watu wasije wakakushuku."

Clémence alihisi uso ukiwaka. Angetukanwa, angejua la kujibu. Akaelekea jikoni.

Apollinarie alikuwa kwenye kigoda kati ya wapishi wawili, vidole vyeusi kwa utomvu.

"Rudi darasani, mwanangu," alisema polepole. "Huku hawajaniuliza kitu. Namaliza hizi, nashika taksi."

"Simama, Mama."

"Na hii mikono?"

"Ije hivyohivyo."

Alimpokonya kisu, akampa mpishi, akamshika mkono. Walipopita ofisini Ancilla alichungulia. Clémence alitamani ardhi immeze.

"Mwalimu Mkuu, njoo usikie na wewe."

Darasani alimkalisha mama mkwe kwenye kiti chake cha mwalimu. Ancilla alisimama mlangoni.

"Huyu ni bibi yake Divine, mama wa mume wangu. Ni Mrundi. Mimi ni Mkongo wa Fizi. Divine amezaliwa Nakivale, na ndiko kwetu sote watatu. Baba yangu hakuwa askari, alilima mihogo. Niliwadanganya. Na asubuhi hii nimemkana mama huyu getini."

Hakumtazama Ancilla, wala hakuthubutu kumtazama Apollinarie. Alikwenda akajibana kwenye benchi la watoto, kando ya Divine.

"Waeleze, Mama," alisema. "Tunasikiliza."