Kofia Nyeupe

Siku niliyorudi Kakola, mama alinifutia kiti kwa kanga yake, akaniletea chai kwenye kikombe cha udongo chenye kisahani. Pale kibandani kwake, juu ya ndoo ya kunawia, picha yangu ilikuwa bado imetundikwa. Aliipeleka Kahama mjini ikakuzwa na kuwekewa fremu. Nimesimama mbele ya ghorofa refu ambalo halijakwisha, mikono kiunoni, nacheka, na kichwani nina kofia ngumu nyeupe. Wateja walikuwa wakinitazama mimi, kisha picha, kisha mimi tena.

"Injinia karudi," alisema mmoja wao.

Sikukigusa kile kikombe.

Kwa mtu wa kwingine kofia ni kofia tu. Sisi tuliokulia kwenye vumbi la barabara ya mgodini Bulyanhulu tunaisoma kofia kabla ya uso. Mama yangu, Mwahija, ameuza chai na chapati hapo kwa miaka kumi na tisa. Wenye kofia za bluu, yaani vibarua, aliwapa vikombe vya plastiki, wakanywa wamesimama. Mwenye kofia nyeupe, mhandisi au mkubwa yeyote, alifutiwa kiti na kuletewa kikombe cha udongo. Kilikuwa kimoja tu, na ole wake mtoto aliyekishika. Nilipokwenda Dar es Salaam kusomea uhandisi ujenzi, mama alimwambia kila mteja kwamba kikombe kile kinamsubiri mwenyewe.

Nilihitimu, nikarudi na cheti ndani ya bahasha ya kaki. Kwa miaka miwili nilizunguka nacho Mwanza, Geita na Shinyanga. Kila ofisi ilitaka uzoefu wa miaka mitano, kana kwamba uzoefu unauzwa dukani. Mwishowe wakala mmoja akanipatia kazi ya ujenzi Uarabuni, kwa sharti moja.

"Cheti kiache nyumbani," alisema. "Kule wanataka mikono. Msomi wanamwogopa, anajua kuuliza. Wewe andika kidato cha nne."

Nikaandika kidato cha nne. Cheti nikakificha chini ya godoro, na mama nikamwambia nakwenda kuwa mhandisi.

Kofia iliyo kwenye picha niliichukua juu ya kiti, mwenyewe alipokwenda kuswali. Mwenzangu alinipiga picha mara moja, nikairudisha upesi kabla hajamaliza rakaa. Kofia yangu ilikuwa ya bluu na kazi yangu kuchimba mitaro na kubeba mabomba. Nilimtumia mama ile picha kwa sababu alikuwa ameomba picha, na kwa sababu nilikuwa na aibu. Ni hayo tu. Sina maelezo mazuri zaidi.

Picha ndiyo iliyomleta Nasibu.

Nasibu alikuwa mtoto wa jirani yetu, Mama Zuhura. Tulicheza chandimu pamoja, tukachapwa pamoja. Shule aliishia darasa la saba, lakini huko Nyarugusu kwenye dhahabu alikuwa na jina. Yeye ndiye aliyefunga matimba, yale magogo yanayozuia kuta za duara, yaani shimo la dhahabu, zisiwaangukie walio chini, na kwa miaka sita hakuna mtu aliyefukiwa kwenye duara lake. Akaja kunywa chai kwa mama, akaiona kofia nyeupe. Akaliacha duara, akamtafuta wakala yule yule. Mama yake alipomwuliza atafikia kwa nani katika nchi za watu, alijibu kuwa injinia wetu yuko kule.

Alinikuta nimebeba bomba begani. Aliitazama kofia yangu ya bluu, akavua yake ya bluu akaitazama nayo, kisha akacheka mpaka akachuchumaa. Nilingoja anitukane. Ijumaa, siku yetu ya mapumziko, nilimsikia akizungumza na mama yake kwenye simu.

"Ndiyo, mama, niko naye hapa. Ndiye mkubwa wangu. Hapana, hanitesi."

Akanikonyeza. Wema ule uliniuma kuliko tusi lolote.

Mtaro tuliokuwa tukichimba ulikuwa wa bomba la majitaka. Kina chake kilikuwa cha watu wawili, udongo mkavu wa mchanga, na kifusi chote kimerundikwa ukingoni. Chuoni nilifundishwa muhula mzima namna ukuta wa aina hiyo unavyoanguka, na somo lile nililifaulu vizuri sana. Nasibu hakufundishwa na mtu. Asubuhi moja aliona ufa mwembamba hatua moja kutoka ukingoni, akachomeka kidole gumba, kikazama chote.

"Bhebhe!" aliniita kwa Kisukuma, yaani wewe, kama alivyozoea kuniita nikizubaa. "Njoo uone. Kule Nyarugusu, pahali kama hapa hashuki mtu bila matimba."

"Nimeona."

"Basi kamwambie yule wa kofia nyeupe. Mimi Kiingereza sina, wewe unacho."

"Nakwenda kumwambia."

"Haya, injinia."

Safari hii hakucheka. Msimamizi alikuwa akitupigia makelele tushuke, naye akashika chepe lake akashuka ngazi, kwa kuwa nilikuwa nimesema nakwenda.

Na nilikwenda. Nilikwenda mpaka mbele ya mhandisi, chini ya turubai, alipokuwa ametandaza mchoro wake mezani. Niliusoma mchoro ule ukiwa umenigeukia juu chini, nikauelewa wote. Maneno ya Kiingereza yalikuwa tayari mdomoni. Ndipo nikawaza: kibarua wa kidato cha nne ameyatoa wapi haya? Wataniuliza. Watajua nilidanganya kwenye fomu, watanirudisha nyumbani wiki hiyo hiyo, na nyumbani picha iko ukutani. Mhandisi akainua uso, akauliza nataka nini.

Nikamwambia nataka maji ya kunywa. Akanionyesha pipa.

Nilikuwa bado na kikombe mkononi mtaro ulipoanguka. Haukuwa na kishindo kikubwa. Ulisikika kama gunia la mahindi likibwagwa ghalani. Tulifukua kwa machepe, halafu kwa mikono tusije tukamjeruhi. Tulipomfikia hakukuwa na wa kujeruhiwa. Akazikwa huko huko, na kwenye karatasi wakaandika ajali. Mimi nikabaki miezi minne mingine mpaka mkataba ukaisha, kwa kofia ile ile ya bluu, na sikumwambia mtu yeyote neno.

Sasa nimerudi, chai inapoa mbele yangu, na Mama Zuhura anavuka barabara anakuja kibandani. Nilisimama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Akakaa kwenye benchi, akaikaza kanga kichwani. Maswali yake alikuwa ameyapanga siku nyingi.

"Alioshwa?"

"Alioshwa, mama. Nilimwosha mimi."

"Na kusaliwa?"

"Alisaliwa. Safu nne za watu."

Akaitikia kwa kichwa. Kisha akainua macho kwenye picha.

"Wewe ndiye uliyekuwa mkubwa pale. Mwanangu aliacha duara lake akakufuata. Ukuta ule, na usomi wako wote, hukuuona?"

Njia za kutokea zilikuwapo. Ningeweza kusema sikuuona. Ningeweza kusema kofia haikuwa yangu na kuishia hapo, maana nani atamlaumu kibarua? Mama alikuwa amesimama na birika, amesahau kumimina.

"Niliuona," nikasema. "Nasibu ndiye aliyenionyesha. Alinituma nikawaambie wakubwa. Nilifika mpaka kwa mkubwa mwenyewe, nikaogopa kurudishwa nyumbani, nikaomba maji. Na sikuwa mkubwa wa mtu, mama. Nilikuwa kibarua kama yeye. Kofia niliiazima nipigie picha."

 Pikipiki zilipita, vumbi likatufunika, likatua.

"Kwa hiyo alifuata kofia ya kuazima," alisema Mama Zuhura.

Hakulia wala hakunilaani. Ningemshukuru kama angenilaani. Aliinuka, akaushika mkono wa mama yangu kidogo, kama mtu anayetoa pole, akavuka barabara kurudi kwake.

Asubuhi ya pili picha haikuwapo, ulibaki msumari. Nikakaa kwenye kiti nilichofutiwa jana yake.  Kikombe cha udongo kilikuwa kabatini, kimefunikwa juu ya kisahani chake. Mama akachukua cha plastiki kwenye beseni, akakikung'uta maji, akanimiminia chai, akanipa bila kunitazama.

Nikakipokea, nikainuka kwenye kiti, nikanywa nimesimama.